Mashine haiwaki alfajiri: kutafuta ugonjwa wa betri kwenye boti ndogo

Saa kumi na moja alfajiri, kati ya Goma na kisiwa cha Idjwi. Taa zilizowaka tangu jioni zimefifia, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wamejaa kwenye ndoo, nahodha anageuza ufunguo: tik, tik, tik. Mashine haizunguki. Kwenye maji mafupi angeshusha nanga akangoja msaada, lakini Ziwa Kivu lina kina kinachofikia karibu mita 485, na ukishatoka ufukweni kamba yako haigusi chini. Boti inakwenda inakopelekwa na upepo.

Ninafunga umeme wa boti hapa Goma, upande wa bandari ya Kituku. Watu hunijia na betri begani: "Fundi, batri imekufa, nitafutie ingine." Siitafuti mpaka niipime hiyo ya zamani na nishuke kuiona boti yenyewe. Betri nyingi ninazoletewa hazikufa kifo chao. Ziliuawa na namna zilivyofungwa, na mpya ikiwekwa palepale, vilevile, nayo itakufa vilevile. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili. Habari ya betri ipi ununue itajitokeza njiani, pale dalili inapoidai.

Kifaa cha kwanza ni mita ya umeme, hata ile ndogo ya bei rahisi. Ipime betri ikiwa imepumzika saa kadhaa, hakuna kinachovuta wala kinachochaji. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa inaonyesha 12.6 au 12.7. Ikiwa 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 ihesabu tupu. Usiipime mara tu ukitoka kuichaji, kwa maana itaonyesha 13 na zaidi hata kama ni mgonjwa. Na kama ni ya lithiamu, sahau namba hizi. Ina zake, tutazifikia.

Taa ziliwaka usiku kucha, asubuhi ufunguo unabofya tu

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa ziwa letu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Zamani sambaza walivutwa kwa karabai, na mafuta yakiisha taa ilizimika bila kudhuru kitu kingine. Siku hizi ni taa za LED, nazo zinakula betri. Tufanye hesabu. Taa nne za wati 10 ni wati 40. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 3.3. Kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 11, na 3.3 mara 11 ni kama 37. Ongeza simu za wavuvi na redio, tuseme 40. Hizo ni ampea-saa, ndizo zilizoandikwa ubavuni mwa betri kwa herufi Ah.

Betri iliyomo botini huwa ni ya gari, mara nyingi ya Ah 70. Ukitoa 40 zinabaki 30, na mwenye boti ananiambia zinatosha kuwasha mashine. Hazitoshi. Betri ya asidi iliyoshuka chini ya nusu inaporomoka volti pale staata, ile mota inayozungusha mashine iwake, inapovuta, na staata hata ya mashine ndogo inaweza kuvuta karibu ampea 100 kwa mpigo. Hilo ndilo tatizo la asubuhi ya leo. Tatizo la miezi ijayo ni kubwa zaidi: betri ya gari ina mabamba membamba ya risasi, mengi, yaliyopangwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe upesi. Kuikamua polepole kila usiku ni kuipa kazi isiyoumbiwa. Mabamba yanapukutika, na zile Ah 70 zinageuka 30 ingali inaonekana mpya kwa nje.

Betri iliyotengenezwa kwa kazi ndefu, ile inayouzwa hapa kama betri ya sola, ina mabamba manene. Inavumilia kutumiwa hadi nusu na kujazwa tena, mamia ya mara. Lakini haipendi kuvutwa kwa kishindo na staata. Kwa hiyo boti ya kuvua usiku yenye mashine ya ufunguo inahitaji betri mbili: moja ndogo ya kuwashia, ya aina ya gari, Ah 45 hadi 60, na moja ya taa, ya aina ya sola. Kwa zile Ah 40 za usiku, ukizingatia sheria ya nusu, betri ya taa iwe angalau Ah 80. Mimi hufunga ya 100, kwa sababu kila betri hupungua ikizeeka.

Je, uziunganishe? Kuna swichi za kuchagua betri ya kwanza, ya pili, au zote mbili, na kuna rele inayoziunganisha yenyewe chaji ikifika karibu volti 13.3 na kuzitenga ikishuka karibu 12.8. Kwenye boti za abiria zinazokimbia saa nyingi kwa siku, rele hiyo inafaa. Kwenye boti ya sambaza mimi siziunganishi kabisa. Mashine inajaza betri yake, paneli ya sola inajaza ya taa, na nyaya zao hazikutani. Swichi ya "zote mbili" huachwa hapo usiku, mtu akiwa amechoka, na alfajiri zote mbili ni tupu. Nimeiona mara nyingi mno.

Na kama mashine yako ni ya kuvuta kamba, kama zilivyo nyingi za nguvu za farasi 15 hapa, usishawishiwe kununua betri ya kuwashia. Cheche yake inatoka kwenye sumaku ya mashine yenyewe. Unahitaji betri ya taa peke yake.

Paneli nayo ina hesabu yake. Ah 40 ni karibu wati-saa 500. Kwa jua la hapa, lenye mawingu ya mchana, paneli ya wati 100 naipigia wati-saa 300 kwa siku. Betri ya asidi inapoteza sehemu ya kile unachoiingizia, kwa hiyo moja haitoshi, weka mbili. Mvuvi mwenye paneli moja ya 100 na taa nne anarudi ziwani kila jioni na deni, na deni hilo linajumlishwa hadi siku betri inapokataa.

Betri inaonyesha 12.6, lakini staata bado inabofya

Usikimbilie dukani. Mwambie mwenzako ageuze ufunguo wakati wewe umeshika ncha za mita juu ya vichwa vya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye klempu inayoubana waya. Namba ikianguka chini ya 9.6, betri ndiyo dhaifu. Ikibaki 11 au karibu yake, betri ni nzima na umeme unapotelea njiani. Hamishia mita kwenye staata na urudie. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoliwa na nyaya na viungo.

Hapa ndipo ninapogombana na watu kwa upendo. Betri imewekwa katikati ya boti ili uzito ukae sawa, jambo jema, halafu ikaunganishwa na mashine kwa waya wa kufungia nyumba, wa milimita 6 za mraba. Kutoka betri hadi staata ni mita 4, kwenda na kurudi 8. Ampea 100 zikipita kwenye shaba nyembamba hiyo, volti 2.3 zinapotea kama joto. Betri inatoa 11, staata inapokea chini ya 9. Waya uleule ukiwa wa milimita 25 za mraba, upotevu ni kama nusu volti. Betri ile ile, mashine ile ile, na inawaka kwa mguso.

Waya mnene ni ghali, najua. Lakini ni ununuzi wa mara moja, na betri ni ununuzi wa kila mwaka kwa aliyekataa waya. Usikubali wa alumini uliopakwa rangi ya shaba. Kwaruza ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, mrudishie muuzaji.

Kisha viungo. Unga wa kijani au mweupe kwenye klempu ni ukuta kati ya betri na waya. Fungua, safisha kwa maji ya moto yenye magadi ya soda, sugua mpaka risasi ing'ae, kaza, halafu paka grisi juu yake baada ya kukaza. Zile nati zenye masikio, za kukaza kwa vidole, zitoe kwenye waya wa staata. Mtikisiko wa mashine unazilegeza. Weka nati ya spana. Maji ya Kivu si ya bahari, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka, na kiungo kinacholowa kila siku kinaliwa.

Mashine inakimbia mchana kutwa, betri haijai

Washa mashine, ongeza mafuta kidogo kupita mwendo wa kusimama, pima betri. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, chaji inafika. Ukiona 12.5 na haipandi, haifiki.

Sababu ya kwanza inawashangaza wengi: mashine nyingi ndogo za kuvuta kamba zina koili ya taa tu. Inatoa umeme wa kugeukageuka, unaowasha balbu lakini hauwezi kujaza betri mpaka upitie rektifaya, kifaa kinachoufanya uende upande mmoja. Mtu anaunganisha waya hizo mbili moja kwa moja kwenye betri, na betri inaharibika. Uliza kabla ya kununua mashine kama rektifaya imo.

Sababu ya pili ni rektifaya iliyoungua, na huungua kwa mambo mawili yanayofanywa kwa mikono yetu: kugeuza chanya na hasi hata kwa sekunde moja, na kuchomoa betri mashine ikiwa inanguruma. Lile la pili linafanywa na mtu mwenye nia njema anayetaka kuiazima boti jirani betri. Zima kwanza.

Sababu ya tatu si ugonjwa. Mashine ndogo huwa inachaji ampea 6 hadi 12 ikiwa kwenye mwendo wa juu, na kidogo sana ikitembea polepole. Safari ya dakika 20 haiwezi kurudisha Ah 40. Ndiyo maana nasema taa ziwe na paneli yao.

Inajaa upesi, inaisha upesi

Chaja inasema imejaa baada ya saa moja, usiku taa zinakufa saa nne. Betri imepungua tumbo. Kwa kawaida ni kwa sababu iliachwa tupu siku nyingi, na sulfati ikaganda juu ya mabamba. Betri ya asidi ikirudi tupu asubuhi, ichajiwe asubuhi hiyo hiyo. Wiki mbili za kungoja mwezi wa giza urudi, betri ikiwa tupu kwenye kibanda, zinatosha kuilemaza.

Angalia maji kama ni ile ya vifuniko. Yakishuka chini ya mabamba, sehemu iliyo wazi imekufa. Ongeza maji yaliyotoneshwa, si asidi, si ya ziwa. Na kwa watu wa Goma hasa: usitumie maji ya mvua yaliyoteremka kwenye bati. Moshi na majivu ya volkano ya Nyiragongo vimo ndani yake. Ukiwa na kile kipimo cha uzito wa asidi, cha kioo chenye mpira wa kunyonya juu, kila tundu la betri iliyojaa lisome karibu 1.26 hadi 1.28. Tundu moja likiwa chini ya mengine kwa 0.05 au zaidi, chumba chake kimekufa. Mita nayo itakwambia: betri iliyochajiwa usiku kucha na bado inaonyesha 10.5 imepoteza chumba kimoja kati ya sita. Hiyo ndiyo ninayokubali kuitupa.

Mara nyingine tumbo halikuwepo tangu dukani. Maandishi ya ubavuni yanaweza kudanganya, mizani haidanganyi. Betri ya risasi ya Ah 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30, kwa sababu risasi ndiyo inayoshika umeme. Ukiinyanyua ya "100" ikawa kilo 16, umenyanyua betri ndogo yenye karatasi kubwa. Nenda na mizani ya samaki. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Na usiunge betri mpya sambamba na ya zamani ili kupata usiku mrefu. Ya zamani itainywa mpya hadi zilingane kwa udhaifu. Ukitaka mbili za taa, nunua pacha, siku moja.

Ilikuwa sawa, ikazima ghafla kama imekatwa na kisu

Hii ni ya lithiamu, zile za LiFePO4. Ndani yake mna saketi ya ulinzi inayokata umeme ikiona hatari: volti zimeshuka mno, mvuto umezidi, au joto limepanda. Mita itaonyesha sifuri au karibu yake, na mtu anaamini imekufa. Ondoa kila kinachovuta, kisha tumia chaja yenye uwezo wa kuamsha lithiamu. Chaja za kawaida zenye akili zinakataa kuanza zikiona sifuri.

Kwa taa, mimi naipenda lithiamu. Ya Ah 100 ina kilo kama 11 hadi 13, na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, kwa hiyo kwa zile Ah 40 ya 50 inatosha, ya 60 ni raha. Inadumu maelfu ya mizunguko badala ya mamia. Lakini haikuonyi inapoisha: inaweza kusoma 13.3 ikiwa karibu kujaa na 13.1 ikiwa nusu, taa zinang'aa vilevile, halafu giza. Weka kipimo kinachohesabu ampea zinazotoka, au weka taa moja ndogo ya kurudi nyumbani kwenye betri ya kuwashia. Hakikisha kidhibiti cha sola kina mpangilio wa lithiamu, volti 14.2 hadi 14.6.

Kwa kuwashia mashine, siiweki. Staata ikivuta ampea 120 kwenye saketi ya 100, inakata. Baya zaidi ni ikikata mashine ikiwa inachaji: umeme wa koili unakosa pa kwenda, volti zinaruka, rektifaya inaungua. Hapo risasi bado ni mfalme.

Boti ilikaa siku tano, betri tupu

Kuna kitu kinanyonya. Mara nyingi ni inveta, kile kifaa cha kupandisha umeme wa betri uwe wa nyumbani, iliyoachwa ikiwaka. Kifaa kinachokunywa ampea 0.3 tu, siku tano, kimekunywa Ah 36. Chomoa waya wa hasi, weka mita katikati kwenye kipimo cha ampea kila kitu kikiwa kimezimwa. Mshale au namba isogee kidogo sana au isisogee. Dawa ni swichi kuu karibu na betri. Na simu za wavuvi zichajiwe kwa tundu la USB la volti 12. Kupitia inveta ni kupandisha umeme hadi 220 ili uushushe tena hadi 5, ukilipa njia nzima.

Harufu ya yai bovu, betri imevimba au inaunguza mkono

Zima chaji sasa hivi. Usiwashe kiberiti wala sigara, usichomoe klempu kwa haraka ikatoa cheche. Chaja imepita kiasi au chumba kimoja kimepiga shoti, na gesi inatoka.

Sisi wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa mbaya inayolala mabondeni kwa sababu ni nzito. Haidrojeni ya betri ni kinyume chake: ni nyepesi, inapanda, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Kwa hiyo sanduku la betri liwe na tundu juu. Mvuke wa petroli ndio unaofanana na mazuku: unashuka na kulala sakafuni mwa boti. Basi betri, swichi na fyuzi zisiwe jirani na tangi, wala chini kwenye maji yanayokusanyika sakafuni. Ziinue, zifunge kwa mkanda zisihame hata wimbi likija la ubavu. Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye taa uwe na fyuzi isiyozidi shibiri moja kutoka kichwani; waya usio na fyuzi ukikwaruzika kwenye msumari, boti ya mbao inawaka katikati ya maji.

Staata inazunguka kwa nguvu, mashine haishiki

Hiyo si betri, iache kwa amani. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa kwa pwani inamwaga petroli kupita kiasi. Mashine inazama kwa mafuta, nahodha anaendelea kugeuza ufunguo, na ndipo betri nzima inamalizwa kwa kosa lisilo lake. Geuza sekunde 5 hadi 10, pumzisha staata dakika moja, na baada ya mara tatu simama. Toa plagi, ikaushe, angalia maji kwenye petroli. Na ile kamba ya dharura iliyokuja na mashine, ya kuzungushia gurudumu la juu, iwe ndani ya boti, si nyumbani. Ijaribu ukiwa bado Kituku, mchana, ili mikono iijue.